Jiwe la Vitani

Tarishi wa ofisi ya madini hakuwa na kawaida ya kushuka mpaka majini. Akitumwa kwa wachekechaji husimama juu, pale udongo mkavu unapoishia, anapaza sauti, na anayeitwa hupanda mwenyewe na matope yake. Jumanne hiyo alishuka. Alivua viatu, akavibana kwapani, akakanyaga tope mpaka ukingoni mwa mfereji, na hilo peke yake likawanyamazisha watu wote waliokuwa wameinamia chekeche zao.

"Chekeche ni nani hapa?"

Kila aliyekuwepo alikuwa na chekeche mkononi, lakini Chekeche alikuwa mmoja tu: mgane wa hamsini na ushei, ambaye mgongo wake ulikuwa umeshika umbo la kazi hata anaposimama. Alikuwa amekaa majini miaka ishirini na mbili akitafuta almasi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye leseni tu, hakuna aliyelitumia.

"Ni mimi."

"Weka dole hapa."

"La nini?"

"La kwamba umepokea."

"Sijapokea kitu."

"Ndiyo unapokea sasa, mzee wangu. Mimi natumwa tu."

Chekeche alipangusa kidole kwenye suruali, akakichovya kwenye wino, akakandamiza. Tarishi akampa bahasha ya kaki, akageuka na viatu vyake kwapani, hakuaga mtu.

"Umeitwa kula hela za serikali hizo," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa akichekecha jirani yake. "Usitusahau."

"Wapi! Wamemtafutia mke," akadakia mwingine. "Wameona anafuliwa na binti yake mpaka lini."

Walicheka, na Chekeche naye akacheka kidogo kuwaridhisha. Lakini bahasha aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kinachoweza kuuma, na hakuirudia tena kazi siku ile.

Binti yake alikuwa kibarazani, anapinda suruali ya mteja kwenye cherehani. Alisoma hadi kidato cha pili, mama yake alipoanza kuugua akatoka, na barua zote za mtaa ule zilisomwa na yeye. Aliikata bahasha kwa mkasi, akasoma kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyosoma tangazo la maji kukatika.

"Unatakiwa kufika bila kukosa siku ya Alhamisi saa nne asubuhi mbele ya mkaguzi wa kimataifa wa biashara ya almasi, ukiwa na leseni yako, ili utoe maelezo kuhusu jiwe ulilosajili, ambalo kwa kauli yako mwenyewe limetoka vitani. Kutofika ni kosa la jinai."

Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali.

"Baba, ulimwambia nani kwamba jiwe limetoka vitani?"

"Karani. Si aliniuliza limetoka wapi? Ndiko lilikotoka."

"Baba."

"Nini?"

"Wameandika kwa v ndogo."

Kwa Chekeche v ndogo na v kubwa zilikuwa kitu kimoja. Aliweza kuandika jina lake, na hilo alifundishwa na marehemu mkewe kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Ikabidi binti amweleze. V kubwa ni jina la mahali. V ndogo ni vita yenyewe. Bunduki. Watu kuuana.

Chekeche alikaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa, sakafuni.

Kwenye ramani ya ofisi, mahali pale pa kuchekechea paliitwa Kitalu namba saba, lakini hakuna mtu mwenye chekeche aliyewahi kupaita hivyo. Pale paliitwa Vitani. Zamani kidogo, kiangazi kimoja maji yalipopungua, wanawake wawili waligombea zamu ya mfereji. Mmoja akamvunjia mwenzake karai, mwenzake akamkimbiza na koleo mto mzima, na aliyekimbizwa akaingia majini na nguo zake zote akijitetea kwa matusi. Toka siku hiyo mtu akiulizwa unakwenda wapi anajibu nakwenda Vitani. Ametoka wapi na mgongo umemfa hivyo? Ametoka Vitani. Watoto walizaliwa wakalikuta jina, na wale wanawake wawili walikwisha kuwa mtu na wifi yake.

Na hata huko ofisini asingekwenda Chekeche mwenyewe. Kwa miaka yote mambo ya ofisi alikuwa nayo dalali wao, aliyeitwa Tochi, kwa sababu hakuangalia jiwe bila kulimulika, hata jua likiwa utosini. Tochi ndiye aliyekuwa akihuisha leseni za wachekechaji wote, akizitunza kwenye droo yake zisilowe, akiwajazia fomu. Lakini mwezi ule Chekeche alipopata jiwe, dogo, lipatalo nusu ya punje ya harage, Tochi alikuwa amesafiri. Redio ilikuwa imeimba mwezi mzima kwamba dunia imekubaliana: almasi ya kununulia bunduki haitapita tena mpaka wowote, kwa hiyo kila jiwe lipelekwe likapewe cheti cha asili yake. Chekeche aliichukulia redio kwa uzito, kama watu wa rika lake wanavyoichukulia. Alivaa shati lake la msibani, akaenda.

"Yaani mimi nimezaliwa sina cheti," alimtania karani, "jiwe limezaliwa juzi linapata."

Karani alikuwa mgeni, hana hata mwezi katika mji ule, na hakutaka utani. "Limetoka wapi?" aliuliza.

"Vitani."

"Una hakika?"

"Nina hakika! Nimelitoa kwa mikono yangu hii."

Karani akaandika. Wenye kufungua ofisi za namna hiyo wanaujua mto kwa ramani tu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia yule kijana ashuke siku moja alowe.

*

Jumatano wanawake wa mferejini hawakutania tena. Habari ilikuwa imetangulia. Mwingine alisema aliwahi kusikia mtu wa mji wa pili alichukuliwa kwa jambo hilohilo, na familia yake inapeleka chakula gerezani mwaka wa tatu huu. Mwingine akasema si gerezani, ni kwamba hajulikani alipo. Walikuwa wakisemezana kwa sauti ya chini, na Chekeche alipojongea wakaanza kuzungumza habari za sabuni.

Alirudi nyumbani mapema, mikono haina kazi. Alasiri Tochi akaja.

Tochi hakubisha hodi. Alipanda kibarazani, akatoa leso, akafuta kiti, akakitazama, akaamua kusimama.

"Nani alikutuma uende ofisini peke yako?"

"Redio ilisema..."

"Redio! Redio inakulisha? Redio ndiyo ilikununulia dawa mkeo alipokuwa kitandani?"

Chekeche alikitazama kile kiti kilichofutwa bure.

"Nikaja mimi kama mjinga, nikalinunua, nikalitia kwenye mzigo wangu bila kusoma karatasi. Unajua limefika wapi? Limevuka bahari. Mtu wa huko amefungua karatasi, anakuta imeandikwa vita. Mzigo mzima umezuiwa. Mzigo mzima, Chekeche! Na sasa wameleta mwanamke wao anapekua mafaili toka Jumatatu. Kwa mdomo wako."

"Lakini ni jina tu, bwana Tochi. Kila mtu anajua ni jina."

"Ndiyo utakavyosema kesho. Jina la utani, wanawake walipigana, karai, koleo, waeleze yote wacheke. Wazungu wanapenda vichekesho. Wakishacheka, wakikuuliza jingine lolote, wewe useme ndiyo."

"Lolote lipi?"

"Lolote. Ndiyo. Neno fupi hilo, halihitaji shule."

"Na leseni? Barua inasema niende nayo."

"Mkuu wa ofisi anayo."

"Si ilikuwa kwako, kwenye droo?"

"Ilikuwa kwangu, iko kwa Mkuu, kuna tofauti gani?" Tochi alisema kwa haraka, kisha akaikunja leso yake taratibu, mara nne. Akamgeukia binti aliyekuwa ameinamia cherehani bila kushona. "Na wewe bibie, kazi zinakwendaje? Unafunga duka saa ngapi siku hizi?"

"Si duka. Ni kibaraza."

"Haya, kibaraza." Alitazama huku na huku, kama fundi anayekisia gharama za ukarabati. "Hakina mlango."

Akashuka akaenda zake.

Binti ndiye aliyeanza kusema, kwa kunong'ona ingawa hakukuwa na mtu mwingine.

"Baba, siku ya kuhuisha leseni, uliweka dole mara ngapi?"

"Mara nyingi. Zilikuwa karatasi nene kama daftari. Alisema ni kunipunguzia safari."

"Zilikuwa zimeandikwa?"

"Zilikuwa na mistari."

"Mistari yenye maandishi, au mistari mitupu?"

Chekeche alikitazama kidole chake gumba, bado kina wino wa jana.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita ya kweli. Watu wa upande huu walikuwa wakiisikia kiangazi, upepo ukivuma kutoka kule, milio mikavu kama mtu anavunja kuni. Huko mashimo yalikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na waliochimba walichimba wakiwa wameelekezewa mitutu. Kila mtu alijua kwamba mawe ya huko yanavuka. Hakuna aliyejua yakishavuka yanaitwa nani.

"Kama wameyaandika kwa jina langu?" Chekeche aliuliza.

Binti aliinuka. Alianza kukunja nguo za wateja zilizokuwa tayari, akiziweka moja juu ya nyingine, akizipanga upya, akizikunja tena.

*

Alhamisi walifika saa tatu na nusu. Benchi la kwenye korido lilikuwa na watu wawili, nao walipomwona Chekeche wakasogea mpaka mwisho, nafasi ikawa kubwa mno. Askari alimwambia binti asubiri hapo. Mara Mkuu wa ofisi akatokea mwenyewe, akampokea Chekeche kwa mikono miwili, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu ofisi ile ipigwe rangi.

"Mzee wangu! Karibu, karibu. Usiogope hata kidogo. Ni jambo la kuchekesha tu hili. Umeonana na Tochi?"

"Nimeonana naye."

"Basi." Hakuuachia mkono. "Huyo ndiye binti? Amekua. Namwona pale barabarani na cherehani yake, kila nikipita namwona."

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, mashavu yameungua na jua la siku tatu. Pembeni yake aliketi mkalimani, mwalimu mstaafu waliyemkodi kutoka mjini, koti limemzidi umri. Karani yuleyule alikuwa kwenye kona, mdogo kama amelowa. Mbele ya mkaguzi kulikuwa na kisanduku cha chuma kilichopigwa lakiri mbili nyekundu, na Chekeche akaelewa bila kuambiwa kwamba jiwe lake limo. Ilikuwa ajabu kuliona limevuka bahari likarudi na ulinzi, na yeye amekuja kwa miguu.

"Anakusalimu," alisema mwalimu, "anasema huna haja ya kuogopa. Anauliza, ni kweli ulisema jiwe hili limetoka vitani?"

"Ni kweli."

Mkalimani alisita, akamtazama juu ya miwani. Chekeche akakimbilia kusema, "Lakini v kubwa, mwalimu! Mwambie ni v kubwa!"

Akaeleza. Mwanzo sauti ilimtetemeka, kisha alipofika kwenye karai ikapata nguvu, na alipofika kwenye koleo alijikuta amesimama, anaonyesha kwa mikono jinsi yule mama alivyotumbukia. Mwalimu alitafsiri huku mabega yakimtikisika. Mkaguzi aliinamisha kichwa, kisha akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho. Mkuu alicheka kuliko wote. Hata askari wa mlangoni alicheka. Karani peke yake hakucheka.

"Anasema ataisimulia kwao," mwalimu alitafsiri.

"Aisimulie tu," alisema Chekeche, na kwa mara ya kwanza toka Jumanne pumzi ilimshuka mpaka chini.

"Basi nadhani tumemaliza," alisema Mkuu, akisukuma kiti.

Mkaguzi hakusukuma kiti. Alifungua faili, akalamba kidole, akapindua ukurasa, akasema neno kwa upole uleule wa mwanzo.

"Anauliza, kwa mwaka huu na mwaka jana, umepata mawe mangapi kwenye Kitalu namba saba?"

Chekeche alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anaitazama kalamu yake.

"Ndiyo," alisema Chekeche.

"Mzee, ameuliza mangapi."

Alikuwa amejiandaa kwa ndiyo. Aliirudia njia nzima asubuhi ile, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna maswali ambayo ndiyo haiingii.

Mkaguzi aligeuza faili lielekee upande wake, akapindua kurasa moja moja. Kila ukurasa fomu, na chini ya kila fomu dole gumba la bluu. La kwanza, la tano, la kumi na mbili. Yalikuwa yamenona, yamewekwa vizuri, na mtu ambaye siku ile alitaka kuonekana mtiifu.

"Ni thelathini na moja," alisema mwalimu, na sasa hakuwa akitabasamu. "Anauliza haya madole ni yako?"

"Ni yangu."

"Na mawe?"

"Mzee wangu, kumbuka vizuri," Mkuu aliingilia, kwa Kiswahili, laini kabisa. "Umri ukienda mtu husahau. Hakuna anayekuharakisha. Binti yupo hapo nje, anakusubiri, wala hana haraka."

Mwalimu alifungua mdomo kutafsiri hilo pia, akaufunga.

Chekeche aliuona mlango na askari; upande wa pili kulikuwa na benchi ambalo hakuweza kuliona. Ndiyo ingemtoa mle ndani. Angesema ni yangu yote, ningeyapata wapi kama si mtoni, na angeondoka na mkono wa Mkuu begani. Na wale wa ng'ambo wangeendelea kuchimba wakielekezewa mitutu, na kila watakachotoa kingevuka na kuitwa jina lake. Alitaka kusema ndiyo. Kilichomshinda hakikuwa ushujaa. Ni kwamba mtu aliyeinama majini miaka ishirini na mbili hawezi kutamka thelathini na moja.

"Matatu," alisema.

"Thelathini na matatu?" Mkuu aliuliza haraka. "Mnaona, hesabu zinampiga chenga. Hakusoma huyu."

"Matatu. Maisha yangu yote." Alinyoosha vidole, wasije wakasema amekosea kutamka. "La kwanza nilipata mwaka binti yangu anaota meno. Asubuhi, mvua imekatika. Lilikuwa la njano. Niliezeka nyumba. La pili mke wangu yuko hospitali, daktari anasema hamgusi mpaka tulipe. Nikampelekea Tochi nalia, akajua sina pa kwenda nalo, akanipa nusu ya bei. Wakampasua, akafa. La tatu ndilo hilo mmelifungia humo. Wewe mama umewahi kupata jiwe? Mtu akipata hasahau. Ningepata thelathini na moja ningekuwa nimekaa hapo alipokaa Mkuu."

Mwalimu alitafsiri yote, polepole, bila kukata hata la hospitali. Karani kwenye kona alikuwa amejifunika uso.

"Anauliza leseni yako ilikuwa ikikaa kwa nani."

Ilikuwa juu ya meza, karatasi ya kijani ndani ya plastiki, imekaa kwenye mkono wa kushoto wa Mkuu.

"Ile pale," alisema. "Sikuja nayo mimi. Amuulize aliye nayo ilimfikiaje."

Hakuna aliyecheka. Mkuu aliuondoa mkono wake kando ya ile karatasi kama iliyoshika moto. Kisha akamtazama Chekeche, si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu ambaye shughuli zake zimekwisha.

*

Mwalimu aliyaandika maelezo kwa lugha mbili. Yalipoletwa, pamoja na wino, Chekeche aliikunja mikono.

"Siweki dole kwenye kitu sijasomewa na mtu wangu."

Binti akaitwa. Alisoma amesimama, na kila sentensi aliyosoma rangi ilimtoka usoni kwa sababu aliyatambua yaliyosemwa mle ndani. Alipomaliza alisema, "Ndivyo ulivyosema, Baba?"

"Ndivyo."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Mkuu alikuwa ametoka nje kupiga simu. Walimsikia kwenye korido, sauti haijapanda wala kushuka.

"Mwalimu," alisema Chekeche, "mwulize anaondoka lini."

"Leo. Akimaliza hapa tu, ana ndege."

"Gari lake lina nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya binti yangu. Mpaka njia panda tu, shangazi yake yuko pale. Hana mzigo. Hata chini atakaa."

Mwalimu alikohoa, akatafsiri. Mkaguzi alimtazama binti kwa muda. Alitazama mlango aliotokea Mkuu. Akakiangalia kisanduku, kisha akaongea kirefu, mkono kifuani, na ilionekana maneno yanamtoka kwa shida. Mwalimu aliyakusanya yote yale akatoa machache.

"Haruhusiwi. Gari la ukaguzi halipakii raia. Ni mambo ya bima. Anasikitika sana."

"Mwambie nitaweka dole kwamba nimeruhusu."

"Mzee wangu, si hivyo."

Mkaguzi alitoa kadi pochini, nyeupe, ina maandishi pande zote mbili, akampa binti kwa mikono miwili.

"Mkipata tatizo lolote mpige namba hiyo," alisema mwalimu.

Binti aliigeuza. "Namba ya wapi hii?"

"Ya kwao. Makao makuu."

"Nikipiga, huyo wa huko atakuja na nini? Na atafika lini?"

Mwalimu hilo hakulitafsiri.

Chekeche alichovya kidole. Maneno yalikwisha kutoka, Mkuu alikwisha kuyasikia, na karatasi isiyokuwa na dole ingemwokoa Mkuu peke yake. Alikandamiza, akashikilia mpaka kidole kikauma.

Walipotoka, mwalimu aliwafuata hadi ngazini akijifanya anatafuta kivuli. "Msirudi nyumbani," alisema akitazama pembeni. "Nilifundisha watu wengi walioko ofisi kama hizi. Msirudi hata kuchukua sufuria."

Kituo cha pikipiki kilikuwa mbele ya ofisi, na vijana wote wa pale walikuwa wakibeba mizigo ya Tochi. Mmoja aliwapungia. Chekeche naye akampungia. Wakapita, wakakata kushoto badala ya kulia, wakashika barabara kuu ya vumbi iendayo njia panda, mwendo wa watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa.

"Nguo za wateja," alisema binti.

"Ziache."

"Watasema nimewaibia."

"Waache waseme."

Jua lilikuwa kali, na barabara imenyooka hata mtu akisimama kwenye ofisi angewaona mpaka wageuke nukta. Hawakuwa wamefika hata robo ya safari waliposikia gari. Lilikuwa jeupe, na kwa kuwa barabara ile haijatengenezwa tangu waliokula fedha zake wawe vijana, lilibidi lipunguze mwendo kwenye shimo, karibu nao kabisa. Mkaguzi alikaa mbele na dereva. Alikuwa ameinama, anaandika. Kwenye kiti cha nyuma kisanduku cha chuma kilikuwa kimekaa peke yake, kimefungwa mkanda wa usalama kama abiria, na pande zake mbili pamekaa upepo.

Binti alilisindikiza kwa macho mpaka vumbi likalimeza. Chekeche hakuligeukia, alikuwa akisikiliza mlio wa pikipiki uliokuwa unakuja baada yake.

"Baba, kuna mtu anaita nyuma yetu."

"Nimesikia. Tembea."

"Anakuita wewe."

"Chekeche ni wengi."

"Hasemi Chekeche." Binti alimsogelea. "Anaita jina lako la kwenye leseni."

Alimshika mwanawe mkono, kama alivyokuwa akimshika wakati ule hajui kutembea, na wakaenda kwa hatua zilezile, bila kukimbia, kama watu ambao hawajaitwa.